Mto Huu Sikuuona

Sisi watu wa pwani tumezoea maji yaendayo na kurudi. Twajua maji kujaa na maji kupwa, na kwa hayo twapanga safari zetu na hata mapishi yetu. Maji yaendayo upande mmoja tu, yasigeuke nyuma, hutushangaza. Ndiyo sababu jamaa zetu wafikapo bara hawauoni mto bila ya kutoa simu na kuupiga picha. Katika likizo ya Agosti tulikwenda Kitale kumzuru wifi yetu aliyeolewa huko, na safari hiyo ikatupa somo ambalo tumeona si vyema kulifungia nyumbani.

Asubuhi moja tulishika barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, kuyatazama maporomoko ya Nabuyole. Zama za ukoloni mji wa Webuye ukiitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko haya haya. Hapo Mto Nzoia, uliokwisha kukusanya maji ya milima ya Cherangani na ya miteremko ya Mlima Elgon, huangukia majabali makubwa, ukagawanyika mikono mingi, kisha ukajikusanya tena na kushika njia ya Mumias hadi Ziwa Viktoria. Urefu wake wote ni takriban kilomita 257. Misafara ya biashara kutoka pwani ilifika Mumias katika karne ya 19, kwa hiyo jina la nchi hii si geni katika masimulizi ya wazee wetu.

Binti yetu wa miaka 16 alipiga picha zaidi ya 40 siku hiyo. Usiku, baada ya sala ya isha, tulizitazama sebuleni kwa wifi. Kila picha ilipopita tulisema, "Mashaallah, nzuri," na nyingine ikaja. Iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa na maji ya buluu, safi kama bahari ya kaskazi. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akaomba arudishiwe hiyo.

"Mwanangu, hapa ni wapi?"

"Ni Nabuyole, Bibi. Si tulikuwa sote?"

"Mimi mto huu sikuuona. Niliouona mimi ulikuwa mwekundu."

Bibi alisema kweli. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Binti alikuwa ameyageuza rangi kwa programu ya simu. Aliona haya, macho yakamlenga machozi, akaifunga simu na kusema atazifuta picha zote, wala hatapiga tena. Sisi watu wazima tulitazamana. Sifa zetu za harakaharaka hazikumfaa kitu, na neno la kweli, lilipokuja, lilimkuta hana pa kuliweka.

Wifi yetu hupiga picha za harusi upande wa wanawake, na kazi hiyo imemfunza kupokea maneno ya maharusi na ya mama zao. Alimsogelea binti, akamwambia kwamba kwao Kitale msemo ni ule ule wa pwani: mficha uchi hazai. Asiyeionyesha kazi yake ikiwa na kasoro hataipata ikiwa kamili. Kisha akatuwekea sote taratibu ya kutoa nasaha. Kwanza, mpigapicha aulizwe alikusudia kuonyesha nini. Pili, isemwe picha, asisemwe mtu. Tatu, kila anayetaja kasoro ataje na namna ya kuitengeneza. Tulikumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) amemfananisha muumini na kioo cha ndugu yake. Kioo hukuonyesha doa lililo usoni pako ukiwa umekisimamia mbele, wala hakiendi kulitangaza kwa jirani.

Binti alipoulizwa alikusudia nini, alijibu kwamba alitaka watu waone nguvu ya maji. Basi kila neno lililofuata lilipimwa kwa kusudio hilo.

Kasoro ya kwanza ilikuwa mstari wa upeo. Katika picha nyingi ardhi imeinama, na mto waonekana kama utamwagikia nje ya fremu. Dawa yake ni kuwasha mistari ya gridi katika kamera ya simu na kuifuata. Ya pili ilikuwa weupe ulioungua. Tulifika mtoni jua likiwa kali, na povu likawa kama karatasi tupu, lisilo na tone wala mkunjo. Dawa ni kuligusa povu kwenye kioo cha simu kisha kupunguza mwanga kwa kidole, au kurudi asubuhi mapema au siku ya mawingu. Nyanda za Kitale na Bungoma zapata mvua nyingi alasiri, na asubuhi huwa kweupe zaidi kwa kazi hii.

Ya tatu ilikuwa kipimo. Hakuna katika picha kitu cha kumjulisha mtazamaji ukubwa wa jabali. Laweza kuwa kubwa kama nyumba au dogo kama kinu. Mti, au mtu aliyesimama mahali pa salama, hutosha kuipa picha kipimo. Ya nne ilikuwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huacha mwanga uingie. Kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde kila tone huganda hewani, na nguvu ya maji huonekana. Kwa robo ya sekunde au sekunde nzima maji huwa laini kama hariri, nayo huonyesha utulivu. Muda mrefu kama huo wataka stendi ya miguu mitatu, au jiwe la kuegemeza simu, pamoja na kipima saa cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Binti alikuwa amechagua hariri ilhali alikusudia nguvu.

Rangi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi. Wekundu wa Nzoia wakati wa mvua ni udongo wa juu uliochukuliwa kutoka mashambani na kwenye miteremko, udongo ule ule unaootesha mahindi ambayo Trans Nzoia imejulikana nayo nchini. Mto huubeba hadi Budalang'i, kule Busia, ambako mara kwa mara hufurika na kuzihamisha familia. Aupakaye mto huo buluu huificha habari ya mkulima aliyepoteza udongo na ya mama aliyepoteza nyumba. Kurekebisha mwanga ili picha ilingane na kile jicho lilichokiona si kosa. Kumwonyesha mtu kisichokuwapo na kukiita Nabuyole ni jambo jingine, na sisi tulio wazazi twapaswa kulisema hilo kwa watoto wetu mapema, maana simu imekwisha kuirahisisha kazi ya kughushi.

Inafaa watoto wajue pia kwamba elimu hii ina mizizi kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki katika karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir jinsi mwanga unavyosafiri kutoka kwenye kitu hadi jichoni, akafanya majaribio kwa chumba cha giza chenye tundu dogo. Kamera ni chumba hicho kilichopunguzwa kikatoshea mfukoni. Mwanachuoni huyo alisisitiza pia kwamba mtafutaji wa haki ayatilie shaka maandishi ya waliomtangulia, na asisahau kujitilia shaka mwenyewe.

Lilibaki jambo moja, nalo lilisemwa na mama yake faraghani. Katika picha mbili alionekana mwanamke akifua nguo kwenye mawe, kanga imefungwa kiunoni, bila ya kujua kwamba anapigwa picha. Binti hakuwa na nia mbaya, alitafuta kipimo. Hata hivyo stara ya mwanamke yule ni sawa na stara ya mama yake. Picha hizo mbili zilifutwa usiku ule, na hizo tu.

Baada ya siku mbili tulirudi Nabuyole saa moja na nusu ya asubuhi. Tuliwashika watoto mikono, kwa kuwa mawe ya hapo huteleza, na mto waweza kupanda ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali milimani hata kama juu yako ni kweupe. Binti alipanguza lenzi kwa kitambaa kila baada ya picha, maana manyunyu huiwekea ukungu. Kakaye alisimama nyuma, mbali na ukingo, awe kipimo. Mama mmoja aliyekuja kuteka maji alisalimiwa na kuombwa idhini. Alicheka, akakataa, na kamera ikaelekezwa kwingine. Tuliondoka na picha 6.

Jioni Bibi alipewa simu. Picha ilionyesha maji mekundu yakipasuka juu ya jabali jeusi, matone yameganda hewani kama punje za mahindi zilizorushwa kwenye ungo, na kijana mdogo kwa mbali, akionekana kama kidole mbele ya ukuta. Bibi aliitazama kwa muda, akaisogeza karibu na miwani.

"Huu ndio mto tuliouona," alisema. "Lakini ndala hii hapa pembeni ni ya nani?"

Binti alicheka, akachukua daftari, akaandika: pembe za fremu zitazamwe kabla ya kupiga. Mwezi wa Disemba, Inshaallah, ameahidiwa kupelekwa maporomoko ya Teremi, upande wa Kapsokwony, na Bibi amekwisha kusema kwamba naye atakwenda.