Jua Likikuzidi, Shuka Kwenye Baiskeli

Baiskeli inatusaidia sana. Inabeba mahindi, ndizi, mkaa na madumu ya maji. Inampeleka mgonjwa zahanati. Lakini safari ndefu ya baiskeli katika jua kali inaweza kumwua mtu, hata kijana mwenye nguvu. Leo tujifunze habari za joto, na namna ya kujua wakati wa kusimama.

NJIA INAYODANGANYA

Tazameni njia ya kutoka Bomani, Tarime, kupitia Nyamongo, kuvuka Mto Mara, hadi Mugumu katika Wilaya ya Serengeti. Ni zaidi ya kilomita 80. Tarime iko juu milimani na asubuhi kuna baridi. Mwendesha baiskeli anateremka kwa raha. Upepo unampiga usoni. Hasikii kiu, basi hanywi maji.

Kadiri anavyoshuka kuelekea mtoni, joto linaongezeka. Wakati wa kurudi, mteremko umekuwa mlima. Mzigo uko nyuma kwenye keria. Jua liko utosini. Mwendo ni wa polepole, kwa hiyo upepo wa kumpoza haupo. Hapo ndipo hatari inapoanza.

JOTO LINAFANYA NINI MWILINI?

Misuli inapofanya kazi hutoa joto, kama injini ya gari. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Damu huchukua joto na kulipeleka kwenye ngozi. Jasho linapokauka, ngozi inapoa.

Jasho ni maji na chumvi kutoka mwilini. Usipoyarudisha, damu inapungua na moyo unakwenda mbio. Mwili unashindwa kujipoza. Joto la mwili likifika nyuzi 40 au zaidi, ubongo, figo na ini vinaweza kuharibika. Mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo.

DALILI ZA KUSIMAMA

Dalili za kwanza ni hizi:
1. Kiu kali na midomo kukauka.
2. Mkojo kuwa kidogo na wa njano iliyokoza.
3. Misuli ya miguu au tumbo kukaza.
4. Kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu.

Ukiona moja ya dalili hizi, shuka. Kaa kivulini, kunywa maji, pumzika mpaka upate nafuu. Jua likipungua, endelea taratibu au rudi nyumbani.

Dalili za hatari kubwa ni hizi:
1. Kuyumba na kushindwa kushika njia.
2. Kusema maneno yasiyoeleweka, au kuwa mkali bila sababu.
3. Mwili kuwa wa moto sana. Ngozi inaweza kuwa kavu, au bado ina jasho.
4. Degedege au kuzimia.

Hapo safari imekwisha. Mtu huyo ni mgonjwa mahututi.

KICHWA CHENYE JOTO HAKIAMUI VIZURI

Wengi husema, "Nikichoka nitajua mwenyewe." Maneno haya si ya kweli. Joto linapofika kwenye ubongo, huharibu kile kile kinachotumika kuamua.

Tom Simpson alikuwa mwendesha baiskeli wa Uingereza. Mwaka 1965 alikuwa bingwa wa dunia. Tarehe 13 Julai 1967 alikuwa katika mashindano ya Tour de France, akipanda mlima Ventoux nchini Ufaransa. Juu ya mlima huo ni mawe matupu, hakuna kivuli. Joto lilikuwa kali. Simpson aliyumba, akaanguka. Alitaka kuendelea, watu wakampandisha tena kwenye baiskeli. Baada ya muda mfupi alianguka mara ya pili, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Madaktari walikuta mwilini mwake dawa za kuongeza nguvu na pombe.

Tujifunze mambo mawili. Kwanza, aliyeanguka kwa joto asipandishwe tena kwenye baiskeli, hata akiomba. Pili, pombe, gongo, mirungi na dawa za kuongeza nguvu si nguvu. Pombe hupunguza maji mwilini. Mirungi na dawa hizo huficha uchovu, na mwili unazidi kuumia bila wewe kujua.

Wengine watauliza, "Mbona John Stephen Akhwari tunamsifu kwa kutokukata tamaa?" Ni kweli. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni huko Mexico, Mtanzania huyu alianguka akaumia goti, lakini alimaliza mbio akichechemea. Tunamheshimu sana. Lakini goti na ubongo ni vitu viwili. Goti likiuma, kichwa bado kinaweza kupima na kuamua. Joto likishika kichwa, nani ataamua? Ni mwenzako.

AMUENI KABLA YA KUONDOKA

1. Ondokeni alfajiri. Saa sita hadi saa tisa mchana mkae kivulini.
2. Bebeni maji safi ya kutosha. Kunyweni kidogo kidogo kila mara, na kuleni chakula chenye chumvi.
3. Vaeni kofia na nguo nyepesi.
4. Kwenye mlima mkali, shukeni mkokote baiskeli.
5. Mwenye homa au anayeharisha asisafiri.
6. Msiende peke yenu. Kubalianeni kwamba mmoja akisema, "Mura, tupumzike," wote wanasimama. Asiitwe mwoga. Na kijana anayesafiri na mzee awe na ruhusa ya kusema, "Baba, naomba tushuke." Hiyo si kukosa adabu. Ni kuokoa maisha.

MWENZAKO AKIZIDIWA

Mpeleke kivulini. Mvue nguo nzito. Mwagie maji mwili mzima na umpepee kwa nguvu. Maji ya mto yanafaa kwa kumpoza. Anza kupoza mara moja, usingoje gari. Tuma mtu akatafute usafiri, na mwendelee kumpoza njiani mpaka zahanati.

Kama ana akili timamu na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari na chumvi. Katika lita moja ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Kama amezimia au amechanganyikiwa, usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu.

Msimpe vidonge vya kushusha homa. Haviwezi kushusha joto la aina hii. Zahanati watampima malaria na kumpa matibabu yanayofaa.

Ndugu wasomaji, gunia la mahindi likilala njiani, kesho litachukuliwa. Mtu akifa njiani, harudi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika njia za kijiji chenu, ni wapi kuna kivuli na maji?
2. Kwa nini aliyezidiwa na joto asijiamulie mwenyewe?
3. Mtafanya nini ili kijana asiogope kumwambia mzee asimame?