Diski ya Picha za Ukoo: Ununue Ipi Bawshar?

Wazee waliohamia Omani kutoka Unguja na Pemba baada ya 1970 walikuja na picha za karatasi na kanda za taarabu. Leo kumbukumbu hizo, pamoja na video za harusi, mara nyingi zimo ndani ya diski moja ya nje, iliyotupwa kwenye droo huko Ghubra au Azaiba, mitaa ya Bawshar. Ikifa, hakuna duka la kununua nyingine yenye sura ya bibi.

Kwa bei, diski ya sahani inayozunguka (HDD) ndiyo nafuu kwa kila terabaiti. SSD, yaani diski ya chipu, ya ukubwa huohuo kwa kawaida ni ghali zaidi. Faida yake ni kasi, na kwamba haina kinachozunguka, kwa hiyo ikianguka haiumii upesi. Kwa anayehariri video kila siku, inastahili pesa zake. Kwa picha za kukaa droo miaka, siipendekezi: SSD isiyopata umeme muda mrefu inaweza kupoteza ilichobeba. Ukihifadhi kwenye wingu, terabaiti 2 za Google kwa bei ya Marekani ni dola 9.99 kwa mwezi, yaani kama rial 3.8, kwa mwaka ni rial 46, na mwaka ujao unalipa tena.

Gharama ya kuchomoa waya ovyo haiandikwi kwenye risiti. Kompyuta huweza kushika data kwenye kumbukumbu yake kwanza, ikaimwaga kwenye diski baadaye, hata kama umeshaona kunakili kumekwisha. Windows ilipunguza tabia hiyo kwa diski za nje tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, ndiyo maana wengi huchomoa wakasalimika. Ukienda na mazoea hayo kwenye Mac au Linux, utalia. Na exFAT, muundo unaopendwa kwa kuwa Windows na Mac zote huuandika, hauna daftari la kufuatilia mabadiliko kama NTFS ya Windows; kuandika kukikatizwa katikati, folda nzima huweza kuharibika.

Basi toa amri ya kuondoa diski, ngoja taa itulie na sahani iache kuvuma, ndipo uchomoe. Ukiambiwa bado inatumika, funga programu ya picha. Ikikataa tena, zima kompyuta kabisa. Hiyo haigharimu hata baisa moja.

Kwenye kuchomeka, usibane matumizi kwa hubu ya USB isiyo na umeme wake. Tundu la USB 2 hutoa miliampea 500, la USB 3 hutoa 900. Diski ya sahani ikipungukiwa umeme hukatika katikati ya kazi. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, au nunua hubu yenye adapta. Na jamani, gari si kabati la kuwekea diski: joto la kiangazi cha Maskati hupita digrii 40 nje, sembuse ndani ya gari lililofungwa.

Mimi ningenunua diski mbili za sahani, za kampuni tofauti, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine kwa ndugu Al Khuwair. Kabla ya kulipa, uliza kama bei imeshajumuisha kodi ya asilimia 5, na usiondoke bila karatasi ya dhamana, ukijua kwamba dhamana hubadilisha diski tu, hairudishi picha.