Una kisukari? Jihadhari na glasi isiyokauka ya Japani

JE, msomaji, umepata nafasi ya kwenda Japani kwa masomo, biashara au mkutano? Basi tarajia kwamba jioni moja wenyeji wako watakupeleka izakaya, yaani baa ya mtaani. Nenda, ni mahali pazuri. Lakini ikiwa unatumia dawa za kisukari, kuna jambo unalopaswa kujua kabla hujaketi.

Baa hizi hutambulika kwa taa nyekundu ya karatasi inayoning'inia nje. Nyingi ni ndogo mno. Katika vichochoro vya Golden Gai, mtaani Shinjuku jijini Tokyo, zimebanana zaidi ya baa 200, baadhi zikiwa na viti vichache tu. Ukiketi, utaletewa kisahani cha chakula ambacho hukuagiza. Usigombane na mwenye baa. Hiyo huitwa otoshi, nawe utailipia kama ada ya kiti.

Desturi inayonitia wasiwasi kama daktari ni ya kumiminiana. Mtu hajimiminii kinywaji. Humiminiwa na jirani yake, naye humrudishia hisani. Glasi haikauki, kwa hivyo huwezi kuhesabu umekunywa kiasi gani. Sake, ile pombe ya mchele, ina kileo cha takriban asilimia 15. Mililita 180 za sake, zinazonywewa kwa vijikombe kama vile vya kahawa chungu ya Pwani, zina kileo kama cha chupa ya bia ya mililita 500.

Chakula nacho huja kidogo kidogo: mishikaki ya kuku, samaki mbichi, maharagwe machanga ya soya. Wali au tambi aghalabu huagizwa mwishoni, watu wakishamaliza kunywa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Tokyo na mwenzangu anayetumia glibenclamide, tembe za kisukari zinazojulikana sana huku kwetu. Alikuwa amemeza dawa yake jioni kama kawaida. Baada ya saa mbili hivi za mishikaki na sake, alianza kutokwa na jasho na kuropoka. Tulipotoka nje alipepesuka, akaketi chini karibu na kituo cha gari la moshi. Wapita njia hawakushtuka. Mlevi aliyelala karibu na kituo si ajabu katika jiji lile. Nakiri kwamba hata mimi, daktari wake wa safari, nilimcheka kwa dakika kadhaa. Nilipomshika mkono na kuupata baridi, umelowa, ndipo nilipotanabahi.

Hakuwa amelewa kiasi hicho. Sukari yake ilikuwa imeshuka. Tembe zile huamrisha kongosho litoe insulini, uwe umekula wali au hujala. Kwa kawaida ini lingeongeza sukari katika damu, lakini pombe hulizuia kufanya kazi hiyo. Jasho, kutetemeka, ulimi mzito, ukali usio na sababu: dalili zote hizi hufanana na ulevi.

Nilikimbilia mashine ya kuuza vinywaji, ambazo zimejaa kila kona, nikarudi na chupa ya chai. Nusura nimnyweshe. Chai ya kijani ya chupa huko aghalabu haina sukari hata chembe! Soda ya kawaida ndiyo iliyomwokoa. Kisha tulikwenda hospitali, kwa sababu sukari iliyoshushwa na tembe hizi inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Kwa hivyo, beba glukosi mfukoni na umwambie angalau mtu mmoja mezani kuhusu hali yako. Ukitosheka, iache glasi yako ikiwa imejaa, wenyeji wataelewa. Mwulize daktari wako kuhusu saa za kumeza dawa, kwani saa moja jioni Tokyo ni saa saba mchana Nairobi. Mgonjwa akizimia, usimtie chochote kinywani. Mlaze ubavu na upige simu 119 kuita ambulensi.

Wenye pumu nao watazame mlangoni. Sheria ya Aprili 2020 ilipiga marufuku sigara katika mikahawa mingi, lakini baa ndogo za zamani zaweza kuruhusiwa, na huweka ilani nje.

Mwenzangu angali anasafiri. Siku hizi huagiza bonge la wali, onigiri, pamoja na glasi ya kwanza.