Barafu Haitulii

Januari ikifika, Ziwa Bde Maka Ska mjini Minneapolis hugeuka uwanja. Watu hutembea juu yake na mbwa wao. Wengine hutoboa tundu na kuketi wakivua samaki. Inashauriwa barafu mpya ifikie unene wa sentimita 10 hivi kabla ya mtu kuikanyaga. Mgeni kutoka Mombasa au Mwanza, ambaye barafu aliyoizoea ni ile ya friji, hustaajabia ugumu wake. Kinachonistaajabisha mimi zaidi ni kwamba molekuli zilizo chini ya viatu vyetu hazijatulia. Katika maji, molekuli moja hugeuka mara mabilioni mia kadhaa kila sekunde. Katika barafu iliyo karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, bado hugeuka mara makumi ya maelfu.

Hayo yanajulikana kwa njia iitwayo NMR, ndugu mkubwa wa kipimo cha MRI cha hospitali. Kiini cha atomu ya hidrojeni ni kama pia ya mtoto. Ndani ya sumaku kali huyumba huku kikizunguka, na sumaku ikizidi nguvu, nacho huyumba haraka zaidi. Ukipiga mawimbi ya redio yanayolingana na mwendo huo, pia zote huanza kuyumba kwa pamoja, na kwa pamoja hutoa sauti hafifu ya redio ambayo mashine huinasa.

Siri iko katika muda ambao sauti hiyo hudumu. Kila kiini ni sumaku ndogo inayomsumbua jirani yake. Katika maji, majirani hugeuka upesi hata usumbufu wa huku ukafutwa na wa kule, na kwaya ikaendelea kuimba pamoja kwa sekunde kadhaa. Katika barafu jirani hubaki upande mmoja kwa muda mrefu mno kwa kipimo cha viini. Kila pia hushika mwendo wake, na kwaya husambaratika kabla sehemu ndogo ya sekunde haijapita: igawe sekunde moja mara laki moja, ndiyo hiyo. Kwa hiyo kupima urefu wa sauti ni kupima mwendo wa molekuli. Mwaka 1948, Nicolaas Bloembergen, Edward Purcell na Robert Pound wa Chuo Kikuu cha Harvard waliuandika uhusiano huo kwa hesabu, na barafu ilikuwa miongoni mwa vitu walivyopima.

Lakini molekuli iliyoshikwa na majirani wanne inawezaje kugeuka? Mkemia wa Denmark, Niels Bjerrum, alitoa jibu mwanzoni mwa miaka ya 1950: barafu ina kasoro. Hapa na pale kiungo kimoja kati ya molekuli mbili hukosa hidrojeni, au hupata mbili badala ya moja. Kasoro hiyo husafiri kutoka molekuli hadi molekuli, na kila inapopita, molekuli hupata nafasi ya kugeuka.

Daktari huutumia ufupi huo wa sauti ya barafu kila anapoua uvimbe wa saratani kwa kuugandisha kwa sindano baridi ndani ya mashine ya MRI. Sauti ya barafu hufa kabla mashine ya kawaida haijaanza kusikiliza, hivyo donge la barafu huonekana jeusi tii kwenye picha, na daktari huona wazi limefika wapi. Kwa sababu hiyohiyo, meno na mifupa migumu huonekana gizani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika kituo chao cha picha za sumaku mjini Minneapolis, hawakuridhika na giza hilo. Mwaka 2006 Djaudat Idiyatullin, Michael Garwood na wenzao walichapisha mbinu waliyoiita SWIFT: mashine hupiga mawimbi na kusikiliza karibu kwa wakati mmoja, kwa vipindi vifupi mno vya kupokezana, ili hata sauti fupi inaswe. Kwa mbinu hiyo jino huonekana.

Mbinu hiyo imetumika pia kupima chembe ndogo za chuma ndani ya tishu, kwani nazo huua sauti upesi. Chembe za namna hiyo ndizo walizotumia John Bischof na Erik Finger wa chuo hichohicho katika kazi yao ya kuhifadhi figo. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na fuwele zake huharibu seli; ndiyo maana figo ya kupandikizwa huwekwa kwenye baridi bila kugandishwa, nayo hudumu siku moja na nusu hivi tu. Wao waliipoza figo ya panya haraka, ikiwa imejazwa dawa za kuzuia fuwele, hadi molekuli zikakwama bila kujipanga, kama kioo. Kuipasha bila barafu kuchipuka njiani ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Chembe za chuma, zikitikiswa na sumaku, ziliitia joto figo nzima kwa mara moja. Mwaka 2023 walitangaza kwamba figo zilizohifadhiwa hadi siku 100 zilipandikizwa kwa panya watano, zikafanya kazi.