Mgeni na Mtungi wa Maji



Jumapili tatu mfululizo alikaa benchi la mwisho kanisani kwetu, huku kati ya Nachingwea na Ruangwa. Ni Mfilipino, fundi wa mitambo, aliyeletwa na kazi za madini ya kinywe. Baada ya Misa ya kwanza aliushika mkono wangu, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Watoto wakacheka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao mkubwa huamkiwa hivyo; ile ilikuwa shikamoo yake. Nami, niungame hapa, nilipomwona nilifikiria mabati ya kigango. Jina lake sikumwuliza.

Jumapili ya nne alinijia na furaha. Amepata kiwanja, ametanguliza shilingi milioni mbili, na muuzaji ni muumini wetu, tena mwimba kwaya. Aliniomba nikabariki mahali hapo.

Sasa, msomaji wangu, wewe unajua na mimi najua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Fundi mwenye kibali cha ukaazi daraja B anaweza kupanga nyumba. Kiwanja hawezi kuuziwa kwa karatasi iliyochanwa daftarini. Yule mwimba kwaya alijua. Mashahidi wawili waliotia saini walijua. Na kuku wa shilingi 15,000 alikuwa akimnunua kwa 30,000, hilo nalo soko zima lilijua.

Tunajiita watu wakarimu, na ni kweli, mgeni halali njaa kwetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kumpa mtu jembe ni pamoja na kumwonyesha shamba liko wapi.

Fungua Kitabu cha Ruthu, sura ya 2. Ruthu ni Mmoabu, mjane, amefika Bethlehemu wakati wa mavuno ya shayiri, anaokota masazo. Boazi hamhubirii. Anamwambia asihangaike kwenda shamba jingine, afuatane na wasichana wake, vijana wamekwisha kuonywa wasimguse, na akishikwa na kiu mitungi ya maji ile pale. Basi. Mimi nilipokuwa mwanafunzi Roma, bibi mmoja sokoni alinishika mkono kabla sijabonyeza matunda: huko muuzaji ndiye anayekuchagulia. Mahubiri mengi ya mwaka ule nimeyasahau, mkono wa bibi yule sijausahau.

Wazee wa Nachingwea wameona wageni wengi. Waingereza wa mradi wa karanga wa mwaka 1947 walikuja na matrekta yao. Habari za mvua na udongo waliwauliza wenyeji kidogo mno, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Halafu wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, wakawa na kambi yao hapa Nachingwea hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za Ruvuma, hivyo wengi hawakukosa mtu wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Mfilipino wetu hana ndugu ng'ambo hii ya mto.

Wewe uliye jirani ya mgeni kama huyu, nakuomba jambo dogo. Mtajie bei ya kweli ya kuku. Mpeleke kwa mtendaji wa kijiji ajulikane. Mwonyeshe zahanati na duka la vyandarua kabla homa haijamkuta. Na ukiitwa kuwa shahidi wa karatasi unayojua ni ya uongo, usitie saini, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Yule mwimba kwaya nilizungumza naye uani, si altareni. Milioni moja imerudi; nyingine anasema atailipa baada ya mnada wa korosho, nami nahesabu siku. Mfilipino amepanga vyumba viwili kwa mama mjane wa jumuiya yetu, ambaye huenda naye sokoni. Juzi watoto walimwamkia shikamoo, naye akawajibu shikamoo. Wakacheka tena, kisha wakamfundisha kusema marahaba.