Yambwa ya Uchawi: Kufasiri Kanuni za Uchawi katika Mchezo wa Mezani, Sheria ya Tanzania na Jina la Sumbawanga

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna kanuni zinazozungumzia uchawi zinavyofasiriwa. Yanalinganisha matini tatu: kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika, Sheria ya Uchawi ya Tanzania na jina la mji wa Sumbawanga. Hoja kuu ni kwamba ufasiri wa kila matini hutegemea maswali mawili: kanuni inaunda uchawi au inauratibu tu, na yambwa ya kanuni hiyo ni kitu, tendo au mtu.

1.0 Utangulizi
Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ina jina ambalo wenyeji na wageni hulieleza kwa maneno mawili: "tupa uchawi". Katika maelezo hayo, sumba ni kitenzi cha Kifipa, lugha iliyopewa namba M13 katika uainishaji wa Guthrie, na wanga ndicho kinachotupwa. Jina basi husomwa kama amri: anayepanda Ufipa auache uchawi wake nje ya mji. Umuhimu wa maelezo hayo katika makala haya ni wa kisemantiki. Yanaonyesha jinsi jamii inavyoisoma kanuni fupi kuhusu uchawi, na jinsi usomaji huo unavyoamua nani ataguswa nayo.

2.0 Kanuni Inayounda Uchawi
Searle (1969) alitofautisha kanuni zinazounda tendo na kanuni zinazoratibu tendo lililokuwapo tayari. Kanuni za adabu mezani huratibu, kwa kuwa watu walikula kabla yazo. Kanuni za sataranji huunda, kwa kuwa bila hizo hakuna sataranji.

Mfano bayana wa uchawi ulioundwa na kanuni ni mchezo wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akaigiza mhusika. Kete huamua mengi, na msimamizi hutoa uamuzi penye utata. Katika toleo la tano la mwaka 2014, kila tabano lina maelezo ya umbali, muda na kinacholengwa. Lipo tabano la kurusha moto linaloweza kulenga kiumbe au kitu. Lipo jingine la kurusha nguvu linalotaja kiumbe pekee. Mchezaji akitaka kuvunja mlango kwa tabano hili la pili, hutokea mjadala ambao wanasheria wanaujua vyema: anayeshika herufi atasema mlango si kiumbe, anayeshika kusudi atauliza kwa nini nguvu imwangushe askari lakini ishindwe na ubao.

Katika mjadala huo hakuna anayeuliza kama uchawi upo. Upo kwa sababu umeandikwa, na unakoma pale maandishi yanapokoma. Kinachobishaniwa ni yambwa ya kitenzi tu, na hasara ya ufasiri mbaya haizidi jioni iliyoharibika.

Msamiati wa Kiswahili nao hupanga uchawi na uganga kwa kuzingatia mlengwa. Tego humnasa mtenda kosa; zindiko humkinga mtu au nyumba; fingo hufukiwa ili kulinda mahali. Hata hivyo, maneno haya hayaundi tendo. Yanataja imani zilizomo katika jamii, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

3.0 Kanuni Inayoratibu Uchawi
Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inatokana na sheria ya kikoloni ya mwaka 1928. Watunzi wake walikabiliwa na tatizo la kimantiki: watakatazaje jambo ambalo wao wenyewe hawakukiri kuwa lipo? Sehemu ya jibu lao ilikuwa ya kisarufi. Fasili ya uchawi inataja kuroga na kutumia vifaa vya uchawi, kisha inaongeza utumiaji wa nguvu za siri na umilikaji wa maarifa ya siri, ila kwa kivumishi cha Kiingereza kinachoashiria dai badala ya uhakika. Fasili ya vifaa nayo inajumuisha kitu kinachoaminiwa na watu kuwa na uwezo huo. Kwa njia hiyo, sheria inaadhibu bila kuthibitisha.

Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hivyo kivumishi hicho kinadai tafsiri makini. Tulinganishe miundo miwili:

(a) kujidai kuwa na nguvu za siri
(b) nguvu za siri zinazodaiwa

Katika (a), kiambishi -ji- kinamfunga mdai na mshtakiwa: anayedai ni yeye mwenyewe. Katika (b), kauli ya kutendwa imemfuta mtenda. Mdai anaweza kuwa mshtakiwa, na anaweza pia kuwa jirani mwenye kinyongo. Kikongwe ambaye hajawahi kujisifu kwa lolote hamo katika (a), lakini anaweza kuingizwa katika (b) kwa uvumi wa kijiji. Tofauti hii si ndogo. Sheria hiyohiyo inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa wa uchawi akae mahali maalumu. Na mauaji ya vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoandikwa sana hasa kuhusu Usukuma, yanaonyesha uvumi unavyoweza kuishia.

4.0 Wanga: Uchawi au Wachawi?
Turejee Sumbawanga. Maelezo yaliyozoeleka yanaifanya wanga kuwa uchawi, yaani dhana au vifaa vyake. Lakini katika Kiswahili wanga ni wingi wa mwanga, mchawi atembeaye usiku. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kusikia amri nyingine kabisa: "tupa wachawi". Sauti hazikubadilika, kilichobadilika ni ngeli, na pamoja nayo yambwa imegeuka kutoka kitu hadi mtu.

Historia ya Ufipa inatoa usomaji wa tatu. Roy Willis (1968) ameeleza vuguvugu la Kamcape lililopita vijijini humo likikusudia kuutokomeza uchawi. Jina hilo linahusishwa na kitenzi cha Kinyanja chenye maana ya kufua au kuosha, ambacho Richards (1935) alikwisha kukieleza alipoandika kuhusu vuguvugu la awali miongoni mwa Wabemba. Msemaji wa Kiswahili anayelinganisha na kuchapa kwake husikia kipigo. Kitenzi cha asili kinazungumzia usafi. Katika mantiki ya kuosha, yambwa ni mtu, lakini mtu anayebaki: uchafu huondoka naye huendelea kuwa jirani. Ni kweli kwamba kutajwa hadharani kulikuwa aibu nzito. Hata hivyo, kitenzi chenyewe kilimwachia aliyetajwa nafasi ya kurudi katika jamii.

5.0 Hitimisho
Mezani, kanuni huunda uchawi, na herufi inatosha kuwa mwamuzi. Katika sheria na katika jina la mji, kanuni huikuta imani tayari imo vichwani mwa watu, na kila pengo la kisarufi hujazwa na imani hiyo. Mfasiri wa sheria hana budi kulifunga pengo hilo: amtaje mdai, na aitenge yambwa ya kitu na yambwa ya mtu. Kiswahili kina viambishi na ngeli za kutosha kwa kazi hiyo. Visipotumiwa, amri ya kutupa uchawi itasomwa kuwa ruhusa ya kumtupa binadamu.