Utundu Unampatia Nini?

Kipindi cha Kiswahili, darasa la tano. Mwalimu ameagiza kila mmoja asome aya moja kwa sauti, dawati kwa dawati. Zamu inapokaribia dawati la nne, mvulana mmoja anamzaba mwenzake kofi. Anatolewa nje, anapigishwa magoti mpaka kengele ilie. Wiki inayofuata, yale yale. Ofisini walimu wanaafikiana: huyu ni sugu, fimbo hazimwingii tena.

Mvulana huyu ni wa mfano tu, ila hesabu yake ni ya kweli. Hajui kusoma. Kukokota silabi mbele ya wenzake sabini ni aibu itakayomfuata hadi uwanjani. Magoti yatauma nusu saa, basi. Amechagua lililo nafuu, na kila anapotolewa nje mwalimu anamlipa bila kujua.

Swali la kuanzia, basi, ni hili: utundu huu unampatia nini? Majibu huwa machache. Unamwepusha na kazi, au unamvutia macho ya watu, au unampatia kitu anachokitaka.

Mwaka 1985 wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand wa Marekani waliandika juu ya watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakifanya fujo. Kwanza walichunguza fujo zinaanza lini: kazi inapokuwa ngumu, au mtu mzima anapowapa kisogo? Kisha wakawafundisha la kusema. Mtoto aliyeshindwa na kazi alifundishwa kusema haelewi, akasaidiwa. Aliyetaka kuangaliwa alifundishwa kuuliza kama anafanya vizuri. Fujo zikapungua sana. Walipofundishwa maneno yasiyolingana na haja yao, hazikupungua. Kwangu hapo ndipo penye uzito: upole peke yake hautoshi, lazima ulenge.

Kulenga kunataka daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika kilichoonekana, “alirusha kitabu”, wala si “alikuwa na dharau”. Baada ya siku kadhaa huenda ukaona kwamba fujo zote hutokea karibu na saa sita kwa mtoto asiyekunywa uji, au kila unapogeukia ubao. (Na mapema kabisa apimwe masikio na macho. Asiyesikia vizuri anaweza kuitwa mkaidi miaka na miaka.)

Shule za Tanzania Bara zina daftari jingine. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne na kutaka viandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa. Safu ya kilichotangulia haimo. Jina moja laweza kujirudia muhula mzima na asiwepo wa kugundua kwamba makosa yote yalitokea kwenye hisabati.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na bado utasikia walimu wakisema walinyang'anywa fimbo wakaachwa mikono mitupu. Wana haki ya kulalamika, kwa sababu marufuku peke yake haiwapi mbinu nyingine. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki utafiti wa mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices, unaowapa walimu mbinu za nidhamu bila kipigo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miezi 18, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule zilizopata mpango walisema wametendewa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule katika wiki iliyopita, dhidi ya asilimia 49 katika shule nyingine. Ni hatua kubwa, ingawa karibu mtoto mmoja kati ya watatu bado aliumizwa.

Na mvulana wetu? Apewe njia nyingine ya kukwepa aibu: aambiwe jana yake aya atakayosoma, au asome pamoja na rafiki. Juu ya yote afundishwe kusoma, jioni kwa jioni. Bila hilo, mengine ni kuahirisha. Akileta fujo asitolewe nje, apewe aya fupi zaidi. Hapa ndipo walimu wengi huvunjika moyo, kwa sababu mtoto akiona njia aliyoizoea imefungwa, huenda akaisukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Kofi moja laweza kuwa mawili, pengine na teke. Mwalimu akisalimu amri siku ya tatu, atakuwa amemfunza kwamba teke linafaa kuliko kofi. Kwa hiyo walimu wote wa darasa hilo wakubaliane mapema, na yule anayepigwa ahamishiwe dawati la mbali kabla wiki hiyo haijaanza.